Eksirei ya Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya utafiti niliharibu kazi ya asubuhi nzima ya watu wengine. Nilikuwa nimetumwa kupeleka ndoo ya maji, nikafungua mlango wa chumba cha giza bila kubisha. Ndani, mama daktari aliyekuwa mkuu wa utafiti wetu alikuwa ameinama juu ya beseni la dawa, akisafisha filamu za eksirei, na jua la Kigoma likaingia pamoja nami.

"Funga!" alisema. Kisha akashusha pumzi. "Basi, acha wazi. Hakuna cha kuficha tena."

Filamu zote ziligeuka nyeusi tii. Mimi nilikwisha jiona nipo njiani kurudi kwetu Simbo.

"Unaitwa nani?"

"Zakaria, Daktari."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Vizuri. Kesho utaanza kazi humu ndani. Mtu aliyekwisha unguza filamu kwa mwanga hasahau tena kubisha hodi."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi iliyonilea mpaka kustaafu. Mama yule angeweza kunifukuza na hakuna ambaye angemlaumu. Kila nikiulizwa nilijifunzia wapi eksirei, hujibu kwamba nilijifunzia kwenye kosa, na kwenye uvumilivu wa daktari mmoja.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilikuwa zikivuka ziwa kutoka Kongo zimejaa watu na magodoro, na wengine walikuwa wakija kwa miguu kutoka Burundi. Wengi walipelekwa kambini, lakini wapo waliobaki na ndugu zao huku Ujiji na Katonga, na wanawake wao wakaingia haraka katika kazi ya kukausha migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa moshi. Daktari alitaka kujua moshi ule unafanya nini katika mapafu. Aliwalinganisha akina mama wageni walioanza juzi na wenyeji waliokwisha zeeka nao, na waume zao pia, ambao moshi hawaukaribii sana.

Kila aliyejiandikisha alipitia sehemu tatu. Kwanza alipuliza katika kipima pumzi, chombo chenye mrija kinachoonyesha kifua kinatoa hewa kiasi gani. Pili alipanda na kushuka kijukwaa cha mbao kwa mapigo ya makofi, halafu tukapima moyo wake unachukua muda gani kutulia. Tatu alipigwa picha ya kifua.

Makofi ya kijukwaani yalikuwa ya Mwalimu Bahati, mkimbizi aliyefundisha fizikia chuoni kwao Kongo kabla ya vita. Ndiye aliyetulinda na mionzi, akitugawia beji za kubandika kifuani zinazoonyesha mtu amepokea mionzi kiasi gani, na ndiye aliyeingiza majibu yote katika kompyuta yetu moja, iliyozimika kila jenereta lilipokohoa. Kijukwaani akina mama walimtesa. Yeye akipiga makofi, wao huongeza wimbo, wimbo ukikolea hukatika viuno, na mapigo yote huharibika.

"Mama zangu, ile ni kipimo, haiko harusi!" alikuwa akilalamika.

"Basi wewe oa, Mwalimu, tukuchezee harusi ya kweli!"

Nilipokwisha kuzoea chumba cha giza, Daktari alinipandisha nikawa mpiga picha. Kupiga ni kubonyeza kitufe tu; kazi yenyewe ni kumpanga mtu. Anayepigwa huvua nguo za juu na kuvaa shati la hospitali, huvua mikufu, hufunga nywele juu ya utosi, huegemeza kifua kwenye kaseti, yaani kile kisanduku chembamba chenye filamu. Huinua kidevu, hushika kiuno, husukuma viwiko mbele ili mifupa ya mabega isizibe mapafu. Halafu huvuta pumzi na kuibana. Daktari alinikaririsha haya mpaka nikawa nayaota.

"Zakaria," aliniambia, "picha mbaya inasema uongo kwa sauti ya ukweli. Anayeumia si wewe, ni aliyesimama mbele ya mashine."

Nilisema nimeelewa. Kwa wanaume nilikuwa nimeelewa kweli. Kwa wanawake nilikuwa na haya. Kumwambia mama wa watu avue, afungue kilemba, ainue kidevu, na pengine nimguse bega kumnyoosha, kulinishinda. Nilikuwa nikiwapa shati, nageuka, nawaacha wajipange wenyewe, nabonyeza.

Mwaka ule mke wangu, Anjelina, alijifungua mapacha kwa upasuaji. Mama yake alikuja kwa boti kutoka Mwamgongo kumuuguza na kulea watoto. Alikuwa mkaushaji wa migebuka tangu usichana wake, na Daktari aliposikia hayo alifurahi sana. "Huyo ndiye ninayemtafuta. Mlete." Nikamleta kwa fahari zote.

Sasa ni lazima niwaeleze vijana wa leo ukwe wetu ulivyokuwa. Mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni. Wakikutana njiani, mmoja aliingia majanini mwenzake apite. Hakula mbele yake, hakumgusa, na neno la kumwambia alilipitisha kwa mtu wa tatu. Nasi tulifuata. Nyumbani kwangu mama yule akiingia sebuleni, mimi hutokea mlango wa nyuma.

Kijukwaani alipanda na kushuka akawashinda wasichana. "Huyu mama iko na pumzi ya mwogeleaji," Mwalimu Bahati alisema. Kisha akaletwa kwangu. Nilimwachia shati juu ya kiti, nikatoka, nikasubiri, nikasema kutoka nyuma ya ukuta wa madini ya risasi unaozuia mionzi, macho yangu yapo chini, "Aliye mbele ya mashine avute pumzi." Nikabonyeza. Sikumpanga. Sikumwona hata kisogo.

Picha ilipotoka majini, juu ya pafu la kulia palikuwa na kivuli. Tunakiita kivuli, ingawa kwenye filamu huonekana cheupe, kwa kuwa mapafu mazima yenye hewa huwa meusi. Kivuli mahali pale, juu kabisa, mara nyingi ni kifua kikuu. Makohozi yake yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Lakini makohozi huweza kukosea, na picha ilikuwa imesema. Akaanzishiwa vidonge.

Jioni ile ile alihama chumba cha mapacha akalala jikoni. Alijitengea sahani na kikombe. Watoto walipolia alisimama mlangoni, khanga mdomoni, akimwelekeza Anjelina kwa mkono namna ya kuwabeba, naye Anjelina kidonda cha upasuaji kilikuwa bado kinamuuma hata kuinama hawezi. Hakustahimili wiki. Alisema kama hawezi kuwashika wajukuu zake basi ni heri asiwasikie, akapanda boti akarudi Mwamgongo. Nilimbebea mzigo wake mpaka ufukweni nikiwa nimemtangulia mbali, kama adabu inavyotaka. Anjelina hakunilaumu, maana hakujua, na mimi sikujua. Nililaumu moshi.

Aliyejua kwanza ni Mwalimu Bahati. Siku moja aliniita kwenye kompyuta yake.

"Zaka, angalia. Vivuli vya juu vyote viko kwa wanamuke. Waume wao wanalala nao chumba kimoja, wanakula nao, lakini wao hapana. Huu ugonjwa unachagua?"

"Ni moshi, Mwalimu. Wanawake ndio wanaokaa motoni."

"Na huyu? Huyu alianza kazi ya moshi juzi. Na huyu hajaanza kabisa, mume wake ndiye aliandikishwa, yeye alimusindikiza tu, naye akapigwa picha. Lete picha zao."

Tulizitundika kwenye kisanduku cha taa. Daktari naye akaja. Mwalimu alifuata kivuli cha mama mkwe wangu kwa ncha ya kalamu, akapanda nacho, akavuka mfupa wa mtulinga, akaendelea kupanda mpaka shingoni.

"Pafu haina shingo," alisema.

Daktari alisogeza uso karibu na filamu. "Nywele," alisema. "Hizi ni nywele. Na mimi nimeisoma picha hii nikaipitisha."

Wakati ule wanawake wengi, wa kwetu na wa Kongo, walisuka nywele kwa nyuzi, misuko minene inayoangukia mabegani. Uzi ukikazwa vizuri huzuia mionzi kiasi cha kuandika alama juu ya pafu.

"Zaka," Mwalimu aliniuliza, "weye ulimupanga huyu mama?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha aliniona usoni, akaacha. "Na hawa wengine? Wote ni mama mukwe wako?"



Tulikwenda Mwamgongo, mimi na Anjelina na mapacha. Nilisimama nyuma ya nyumba, ukuta wa udongo ukiwa kati yangu na mama mkwe, mke wangu kwenye kona akituona wote wawili.

"Anjelina, muulize huyo aliyesimama huko nyuma: nina ugonjwa au sina?"

"Anasema hajui, Mama."

"Hajui? Mashine si yake?"

"Anasema picha aliipiga vibaya. Hakukuambia ufunge nywele juu. Aliona haya."

Kuku mmoja alipita miguuni pangu bila haraka.

"Mwambie hivi. Nimelala jikoni, nimekula kwenye sahani ya peke yangu, nimewakimbia wajukuu zangu, kwa sababu yeye ameona haya ya nywele?"

"Amesikia, Mama."

"Asijibu! Akinijibu moja kwa moja atakuwa amenikosea mara mbili." Halafu, kwa sauti ya chini: "Muulize boti inarudi saa ngapi."

Picha ya pili Daktari alimpanga mwenyewe. Alimfunga nywele juu ya utosi, akamwinua kidevu, akamshika viwiko. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wangu, kazi yangu ikiwa kitufe tu. Nilipoingia chumba cha giza nilifunga mlango mara mbili. Chini ya taa nyekundu mbavu zilianza kujitokeza, kisha moyo, kisha mapafu, meusi, safi, kuanzia chini mpaka juu kabisa. Niliegemea ukuta nikalia.

Nilimpa Daktari filamu, Daktari akampa Mama habari. Mama mkwe alimchukua pacha mmoja mikononi mwa Anjelina. Kwanza alimshika mbali na uso wake, mdomo umefumbwa, kama mtu aliyezoea kuogopa pumzi zake mwenyewe. Kisha akavuta hewa, akainamisha uso, akauweka shingoni mwa mtoto, na hapo akabaki. Nilitazama pembeni, kama inavyopasa.

Baada ya hapo Daktari aliajiri mama mmoja wa Kikongo kuwapanga wanawake. Mama yule hakuwa na haya na mtu yeyote, na picha zetu zikawa safi. Mimi na mama mkwe wangu tuliendelea na adabu yetu. Mpaka alipofariki kwa uzee hatukuwahi kula pamoja, wala sijutii hilo. Haya yangu na akina mama wasio wakwe zangu ndiyo ninayoijutia. Ukwe haukuniamuru kuwageuzia wao kisogo. Niliamua mwenyewe, kwa uvivu uliovaa nguo ya heshima.

Tulirudia picha zote zenye kivuli kile. Wale waliokuwa Katonga na Ujiji tuliwapata, karibu wote hawakuwa na kitu. Lakini wapo waliokwisha hamishiwa kambini kisha wakahamishwa tena, waliorudi Kongo, waliokwenda tusikokujua. Mwalimu Bahati aliuliza habari zao kwa kila boti iliyoingia, mpaka naye alipopata safari yake akaondoka. Hatukuwapata.

Nimestaafu na afya, na jina ambalo watu wengi hulitaja vizuri. Namshukuru Daktari, ambaye hakuniachia lawama peke yangu; namshukuru Mwalimu, aliyeziuliza takwimu swali nililopaswa kujiuliza; namshukuru mama wa mke wangu, aliyekubali kusimama tena mbele ya mashine ileile. Ninyi mnaofanya kazi hizi leo mna mashine zinazoonyesha picha papo hapo bila dawa wala giza. Bado mtu husimama mbele yake na nywele zake.

Na kama miongoni mwa wanaosoma yupo mama aliyepigwa picha ya kifua kwetu miaka ile, akaambiwa ana kivuli, akavuka ziwa akiwa nacho moyoni, namwomba aende popote alipo akapigwe nyingine. Afunge nywele juu. Na mpiga picha akigeuka kumwacha ajipange mwenyewe, amwite arudi.