Mzoga wa Ng'ombe wa Kaka

Darasani kwangu Bariadi kuna picha ya zamani ya wanyama wa porini, imechakaa pembeni. Simba amechorwa juu ya jabali, twiga anatembea kwa maringo, na tumbusi kasukumwa kona ya chini, shingo tupu, kakalia fuvu kama mchawi. Aliyeichora hakumpenda, na wanafunzi wanajifunza kumchukia kabla hata hawajamwona. Mimi namtetea kila mwaka. Nyumbani Sapiwi wananiona nimechanganyikiwa kidogo.

Likizo iliyopita, asubuhi, nilimkuta kaka yangu mkubwa mbugani, kasimama mbele ya ng'ombe wake aliyeuawa na fisi. Mkononi alikuwa na chupa ya dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu. Nilijua anachotaka, na hasira ilinipanda. Alishawahi kumwagia mzoga dawa hiyo. Fisi alipotea kwa muda kisha akarudi, yeye au mwenzake. Tumbusi walikufa wakatapakaa mbugani, na mbwa wetu pia. Zamani baba alikuwa akipotelewa na mfugo anatazama juu tu. Akiwaona tumbusi wanazunguka, anajua uko wapi. Baada ya ile dawa, mtamba wetu alifia porini tukaongozwa na harufu.

"Mwangaluka, kaka," nilimsalimu, na kabla hajaitikia nikaitwaa chupa.

"Mwalimu, usinitanie. Nirudishie."

"Sikutanii."

"Huyu fisi ana mwenyewe," alisema. Alimaanisha kuna mchawi anayemfuga. "Nisipomuua atanimalizia zizi."

"Kama ana mwenyewe, huyo mwenyewe atatafuta mwingine. Tumbusi hawana mwenyewe, kaka. Nani atawarudisha?"

Niliifunga chupa ndani ya khanga yangu, kiunoni. Lakini nyumbani alikuwa na nyingine, na kama ningekaa karibu na mzoga, ndege wasingetua. Basi nikaenda kukaa mbali, chini ya mgunga, nikamwambia siondoki mpaka mzoga uishe. Nilijua hataniacha peke yangu porini, na hilo nililitumia bila haya. Alinifuata akinung'unika, akakaa akinipa mgongo.

Jua lilipopata nguvu alitokea tumbusi mmoja juu sana, kisha wengine, sijui walikuwa wapi. Walitua wakigombana. Ngozi ya ng'ombe iliwashinda mpaka alipofika mkubwa wao, mwenye uso mwekundu uliokunjamana na mdomo mnene. Alitembea taratibu, wenzake wakampisha, akaipasua. Kaka aligeuka kutazama. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutaka kucheka, ila nilijizuia, maana ng'ombe alikuwa wake na uchungu ulikuwa wake.

Alasiri zilibaki mbavu na vipande vya ngozi. Hapakuwa tena na nyama ya kutia sumu. Nilifungua khanga nikamrudishia dawa yake kwa ajili ya pamba.

"Fisi wangu bado mzima," alisema.

"Mzima," nilikubali.

"Basi shika panga."

Tulikata miiba mpaka jua likazama, tukaiburuta hadi nyumbani na kunenepesha ua wa zizi. Viganja vyangu vilichanika, na kaka hakunihurumia hata kidogo. Sikuomba kupumzika. Aliyefanya fisi yule abaki hai nilikuwa mimi.