Kinyozi Aliyebatizwa Mara Nne

Kinyozi alikuwa amebatizwa mara nne, na kila mara alitoka majini akiwa na uhakika kwamba sasa mambo yamenyooka. Utotoni walimnyunyizia matone kichwani. Ukubwani kanisa la pili likamwambia yale yalikuwa maji ya kunawa uso tu, likamzamisha kwenye tangi. La tatu likalikataa tangi, likasema sharti maji yawe yanatembea, akapelekwa mtoni. La nne likamrudisha kwenye tangi, ila safari hii kifudifudi, kwa sababu wote waliozamishwa chali, alivyosema mchungaji, walikuwa wakielekea motoni wakiwa wamelowa bure. Kinyozi hakubisha. Aliogopa mno kuachwa nje.

Mkewe alibaki na matone yake ya utotoni, kanisa lile lile, benchi lile lile. "Baba watoto, wewe zunguka tu," alikuwa akimwambia. "Ukichoka utanikuta hapa hapa."

Sasa mke alikuwa hajiwezi kitandani, na daktari ameacha kabisa kutaja neno kupona. Kinyozi akakosa raha. Kufiwa peke yake kulimtosha, lakini kwa mafundisho ya kanisa lake, wakiachana huku duniani ndiyo wameachana moja kwa moja. Akamsihi abatizwe upya.

"Kifudifudi? Na kifua hiki?" Mkewe alicheka mpaka akakohoa. "Mbona una haraka ya kunizika?"

Kina mama wawili wa kanisa lake la utotoni walikuwa wakimgeuza ubavu na kumpaka mafuta mgongoni. Walikuja kila asubuhi, mmoja na ndoo, mwenzake na shuka safi, wakipiga soga na kuimba kwa sauti mbovu zilizomfurahisha mgonjwa. Kutoka kanisa la kinyozi hakuja hata mmoja. Mchungaji alikuwa amewakataza kukanyaga nyumba yenye mtu asiyeokoka, wasije wakachafuka.

Jumamosi mchungaji huyo alikuja kwenye kibanda cha kinyozi kunyolewa ndevu. Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akaanza na shavu la kulia. Alipolimaliza, akazima mashine.

"Mchungaji, mke wangu akifa na ubatizo wake ule ule, nitamkuta huko?"

"Ndugu yangu, ukweli unauma. Kanisa letu ndilo safina. Aliye nje amezama." Mchungaji alijigeuza kidogo, akalikagua shavu lake kwenye kioo. "Lakini usihuzunike. Utakuwa na furaha kiasi kwamba hata hutamkumbuka."

Kinyozi alipandwa na hasira ambayo hakujua kama anayo. Mwanamke aliyemvumilia na matangi yake yote, mtu huyu alikuwa akimfuta huku akijitazama kwenye kioo!

"Basi mimi nishushe," alisema.

"Nikushushe wapi?"

"Hapa hapa. Kwenye hiyo safina yako."

"Unaukataa wokovu?"

"Siukatai. Lakini mtu asiyemkumbuka mama watoto si mimi. Utakuwa umeokoa mtu mwingine."

Akamwacha na kitambaa shingoni na ndevu za upande mmoja, akaenda nyumbani. Kina mama walikuwa katikati ya kazi, wanahema.

"Shemeji, umefika wakati mzuri," alisema yule mwenye ndoo. "Hebu shika huku mabegani."

Kinyozi akakunja mikono ya shati, akashika.