Gari ya Bangili za Mama

Gari ile nilinunua mimi. Nalitanguliza hili kwa sababu mtaa wetu mzima wa Malindi, hapa Unguja mjini, waliiita gari ya mume wangu, na yeye, bila haya, akiitikia.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Fundi saa, jirani yetu, alikuwa anahama na watu wake, anauza kila kitu, hata kigari chake cha milango miwili. Mume wangu akanijia na maneno matamu. "Bibi, kigari kile hakinywi mafuta. Tone tu, tuko Jambiani kwa mama. Kila Ijumaa ntakupeleka."

Hapo akanipata. Mama alikuwa Jambiani peke yake, macho yamekwisha, na gari ya abiria ya kusini ilikuwa ya kubahatisha. Nikavua bangili zangu za dhahabu, alizoninunulia mama kwa kusuka kamba za makumbi ya nazi mpaka vidole vikapinda, nikampa mume wangu. Nikampelekea mama salamu kwamba bangili zimekuwa gari, nakuja.

Vichochoro vyetu gari haipiti, basi ikawa inalala uwanjani karibu na bandari, mbali na macho yangu. Ijumaa ya kwanza klachi mbovu. Ya pili tairi. Halafu akazua kwamba njia ya kusini mashimo matupu, itavunja springi. Lakini kila wiki aliniletea samaki kutoka kijiji cha Chwaka, wabichi wanang'aa. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikiwapaa magamba huku nawatambia majirani kwamba mume wangu ananijali!

Asubuhi moja ikaja habari kwamba mama hali yake mbaya, ananiita. Nikajitupia buibui, mbio hadi uwanjani. Gari hakuna. Mchukuzi mmoja aliyezoea kukaa pale kivulini akanitazama kwa mshangao.

"Kwani Bi, leo si zamu ya Chwaka?"

"Zamu gani?"

Akainamisha kichwa. "Ya mke mwenzio. Astaghfirullah, nlidhani unajua."

Wallahi sikulia. Kumbe bangili za mama zilikuwa zikimpeleka bwana harusi! Njia ya Chwaka ina lami, bwana, haina mashimo hata kidogo.

Nikapata lori la nazi lililokuwa likirudi kusini, nikakaa juu ya magunia matupu mpaka Jambiani. Nilimkuta mama kitandani, amekonda hata sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na gari yako?"

Wanawake waliokuwa wakimuuguza walilitazama vumbi lililonijaa usoni.

"Naam, mama. Iko nje."

Uso ukamchangamka. "Basi nishikeni nikaiguse."

Nikamwambia imetoka mbali, injini inaunguza, tuiache kwanza ipoe. Akakubali. Akaushika mkono wangu, akaupapasa palipokuwa na bangili, akasema nimefanya vizuri, hakuzisukia kamba zile bure. Nilimchukia mume wangu wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Magharibi akaniuliza kama imeshapoa.

"Bado kidogo, mama."

Kabla ya Isha akafariki, akiisubiri.