Gpp, Hakuna Neno

Mwezi uliopita tulimhamisha mama kutoka fleti yake ya Point, hapa Durban, na chini ya godoro likatoka daftari langu la darasa la saba. Nililifungua nikiwa nimesimama. Nikajikuta nimekaa chini, rafiki yangu, na kazi ya kufunga mizigo ikaniishia hapo.

Miaka ile mama alifanya kazi kiwandani Mobeni. Nikitoka shule nilimngojea kwa jirani, mama wa Kiislamu mzaliwa wa Durban, aliyekuwa na duka la intaneti chini ya jengo letu. Mabaharia walijaa humo kuzungumza na makwao. Nasikia hadi leo vidole vikigonga vibonye, honi za meli bandarini, na ile harufu ya mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharagwe, kutoka mlango wa pili.

Mmoja wa mabaharia alikuwa mpishi wa meli kutoka Indonesia. Kila meli yake ilipotia nanga alituletea kaukau za kamba wa baharini. Siku moja alinikalisha mbele ya kompyuta nimsalimie binti yake, rika langu. Tangu hapo tukaandikiana kila siku kwa Kiingereza cha kubahatisha, yeye akichomeka vifupisho vya kwao, mimi nikivinakili kwenye daftari. Wkwkwk ni kicheko. Bgt ni sana. Gmn ni vipi. Otw ni niko njiani, ila kwao mtu huandika otw akiwa bado bafuni, na hapo nikajua sisi ni ndugu. Gpp ni hakuna neno. Pembeni mwa hiyo niliongeza maelezo yangu mwenyewe, maana nilikuwa mjuaji.

Msimu mmoja wa baridi, meli ilimshusha mpishi akiwa mgonjwa sana. Jirani alikuwa akimpelekea uji hospitalini, kwa kuwa ni Muislamu mwenzake na hapa mpishi hana mtu. Jumatatu alasiri alirudi na uji haujaguswa, akatukuta dukani mimi na mama, aliyekuwa ametoka kazini. Mpishi alikuwa amefariki. Tulilia sote watatu, na kwenye kompyuta binti alikuwa ameniuliza baba yake vipi: “Papa gmn?”

“Usimwandikie,” mama aliniambia kwa Kiswahili chake cha Burundi. “Kifo haiandikwi mu kompyuta. Iko bakubwa yake. Batamwita nyumbani, batamukalisha chini, njo bamwambie.”

“Eish, kweli,” jirani akasema. “Watu wa meli watampigia mama yake.”

Kwetu Burundi ndivyo ilivyo. Habari ya msiba hupelekwa kwa miguu, na mtoto hampi mtoto mwenzake. Niliijua desturi hiyo vizuri. Lakini swali lilikuja mara ya pili, likaja mara ya tatu, na mimi niliona kunyamaza ni ukatili. Mama alipokwenda kutengeneza mboga ya lengalenga ya jioni, nikaandika gpp.

Akajibu papo hapo. Alikuwa ameogopa bgt. Wkwkwk, ndefu, mstari mzima.

Siku tatu baadaye, akiwa ameshaambiwa, aliniuliza kama nilijua. Nikakiri. Nikamweleza mila zetu, wakubwa wetu, maneno chungu nzima, na kila neno lilinitia aibu. Alijibu kwa herufi tatu: gpp. Sikumwona tena mtandaoni.

Duka lile sasa ni saluni. Jirani ametangulia mbele ya haki, na tovuti tuliyoandikiana ilishafungwa, na maneno yetu yote humo. Limebaki daftari.

Nilimwonyesha mama ukurasa ule, nikamweleza kwa mara ya kwanza nilichokifanya. Alilichukua daftari, akausoma.

“Nilikuambia unyamaze,” alisema polepole. “Sikukuambia umudanganye.”

Akanirudishia daftari. Pembeni, kwa mwandiko wangu wa kitoto, yale maelezo bado yapo: gpp huandikwa hata kama neno lipo.