Joho la Aposto

Mama ndiye aliyemzuia baba asiwe aposto, mbele ya kanisa lililojaa, baba akiwa ameshavaa joho.

Baba alikuwa mwinjilisti. Miaka mingi alipanda na kushuka vilima vya Mbooni akihubiri, siku za matope viatu vikiwa mkononi. Kisha, miaka ya themanini, makanisa mapya yakafika Kikima na vyeo vyao, na wazee wa kanisa letu hawakutaka kubaki nyuma. Cheo walikitaka cha Kiingereza. Ukimwita mtu wa hapa mtume, walisema, atachekwa.

Mama akapewa joho atarizi neno “Aposto” kifuani. Akaniuliza maana yake, kwa kuwa nilikuwa nasomea ualimu. Nikatazama kamusi, nikamwambia limetoka kwa Wagiriki, na kwao lilimaanisha mtu aliyetumwa.

“Kutumwa kama ninavyokutuma kwa jirani?”

“Hivyo hivyo.”

“Haya.” Akaendelea kushona.

Kwetu, ukitumwa kwa watu, huketi wala hunywi chai kabla hujasema umetoka kwa nani. Mama alitulea hivyo. Aliyesahau alirudishwa mlangoni aanze upya.

Jumapili ya kumsimika baba, askofu mgeni aliuliza kama kuna mwenye neno. Huwa ni swali la kupita tu. Mama akasimama.

“Baba watoto, kabla hujaketi kwenye hicho kiti. Umetumwa na nani?”

“Mjibu, mzee,” mtu akasema nyuma, “ama leo utalala njaa.”

Watu wakacheka, wakingoja aseme Mungu. Nami nilingoja. Baba alimtazama mama, akawatazama wazee, akainamia maandishi kifuani. Akavua joho, akalikunja, akamkabidhi mgeni, kisha akaenda kuketi kwenye benchi la wanaume.

Mimi nilitazama viatu vyangu hadi wimbo wa mwisho. Wageni walikula mbuzi wetu, wakaondoka. Wiki iliyofuata, kwenye mashine ya kusaga, vijana waliniuliza, “Mwalimu, leo mzee ametumwa wapi?” Nikarudi nyumbani na mahindi yangu bila kusaga.

Baba alihubiri bila cheo hadi alipofariki. Hakujibu, na mama hakuuliza tena. Wazee walitaka kujua waandike nini kwenye msalaba wa kaburi, mbele ya jina lake. Mama akawaambia waache nafasi.

Nafasi hiyo bado iko.