Turubai nililotundika hotelini Kakuma ili wateja wasigombane

Wakuu, ejok, kama tunavyosalimiana Turkana. Sijaja kutunga hapa, haya yalinipata mimi mwenyewe, 2012.

Nilihama Lodwar na kila kitu, hadi godoro, nikafungua kahoteli ka chai Kakuma town. Wateja wangu walikuwa wenyeji Waturkana na wakimbizi kutoka kambini, wengi Wakongo.

Wiki za kwanza wakagombania benchi la mlangoni, pale upepo unapopita. Vikombe vikavunjika. Mama Akiru, mwenye plot, akaniambia, "Nikisikia kelele tena, unarudi Lodwar."

Mimi na akili zangu nyingi nikatundika turubai katikati. Wenyeji huku, wakimbizi kule. Nikajipongeza kabisa.

Kumbe nimeharibu. Kwanza joto, maana upepo haukupita tena. Halafu kila upande ukaanza kunung'unika kwamba wale wengine wanapewa mandazi makubwa. Na naapa ni karai moja, unga mmoja.

Sasa, mzee wa Kiturkana hutembea na kigoda chake, mnajua. Ekal, mteja wangu wa kila asubuhi, alikuwa anakalia chake, chini kabisa. Turubai nalo halikufika sakafuni. Siku moja akainama, akachungulia sahani za upande wa pili.

"Ya hawa iko kubwa," akasema. Akainuka na sahani yake, akavuta turubai mpaka kamba ikakatika.

Mimi roho juu, nikaona godoro langu liko kwenye pickup tayari.

Bahati, fundi cherehani Mkongo, akamwangalia, kisha akaangalia sahani. "Papa, siye tulikuwa tunasema ya kwenu ndiyo iko munene."

Wakaweka mandazi yao pamoja, wakayapima kwa macho. Ekal akachukua la Bahati, akampa lake, akauma. "Iko sawa tu." Hoteli nzima ikaangua kicheko, hata waliokuwa nje wakaja kuuliza kuna nini.

Mama Akiru akasikia, akaja mbio amekunja uso. "Nani wanapigana?"

Bahati akasogea kwenye benchi. Ekal akamsukumia Mama Akiru sahani. "Keti, mama."

Akaketi kati ya wateja wangu wote, akaagiza chai. Wakuu, nilifurahi mpaka nikasahau kuweka sukari.

Nilichojifunza: watu wasipoonana, hata andazi la jirani linakua.

Nyinyi je, mmewahi kutenga watu kwa nia njema mkajuta? Uwanja wenu, hata wa kunicheka wakaribie.