Mtungi wa Jamhuri

Theonest alitoka gerezani mwaka 1977, na jambo la kwanza alilofanya ni kupika pombe ya mtama. Miaka mitatu nyuma, Kazimili, balozi wa nyumba kumi, alikuja na mgambo kumwezulia paa la nyumba ili ahamie kijiji cha ujamaa, naye Theonest kwa hasira akamvunja mkono kwa mpini wa jembe. Basi mtungi ukawekwa uani, wazee wakaketi. Kazimili akatumbukiza mrija wake kwanza, Theonest akafuata, wakanywa mpaka machicha. Huko kwao, upande wa Murusagamba, watu wakishanyonya mtungi mmoja namna hiyo kesi imekufa, na anayeifufua hana adabu.

Mwaka uliofuata nduli wa Uganda akavuka mpaka na majeshi yake. Gozbert, katibu wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba akitafuta wanaume wenye nguvu, na kwa Theonest alifika mapema sana. Habari za gereza hakuziuliza hata kidogo. Theonest akaenda vitani, akabeba makombora begani, akarudi na sikio moja lisilosikia. Gozbert alibaki kulinda ofisi, maana mgongo ulimshika vita ilipoanza na ukamwachia vita ilipokwisha. Mgongo ule ulikuwa na akili kuliko mwenyewe.

Mwaka 1980 ukaja uandikishaji wa wapiga kura. Theonest alivaa shati lake la kanisani akapanga foleni. Hakuwa na mgombea wa kumfia. Alitaka tu kuingia nyuma ya lile pazia kama wenzake, atoke akijua kwamba naye ni mtu wa nchi hii.

"Wewe ulifungwa miaka mitatu," Gozbert alimwambia bila kuinua macho. "Waliofungwa hawaandikwi."

"Lakini nimeshatoka, ndugu katibu. Na Kazimili tumepatana."

"Ni kweli," Kazimili alisema kutoka nyuma ya foleni, akiinua mkono wake uliopinda. "Mkono ni wangu, na mimi nimeridhika."

"Mlalamikaji hakuwa wewe," Gozbert alisema. "Mlalamikaji alikuwa Jamhuri."

Theonest alirudi nyumbani akiwaza. Kweli, siku ya hukumu hakimu alisoma hivyo hivyo: Jamhuri, na jina lake. Kumbe alikuwa amekunywa na mtu mmoja, akamsahau mwenye kesi. Akamwambia mkewe Melania aloweke mtama.

"Baba Eufrazia," Melania aliuliza, "hiyo Jamhuri ina mdomo?"

"Inayo mingi," alijibu.

Wakapika mtungi ambao haujawahi kuonekana pale kijijini, hata harusini. Theonest akaupeleka ofisini mwenyewe, akaeleza kwa heshima zote kwamba amekuja kupatana na Jamhuri. Gozbert na kamati yake walitazamana, wakameza mate, wakaagiza mirija. Walinyonya tangu asubuhi mpaka jua likageuka, wakimsifu mpishi na kuzungumzia kujitegemea, wao ambao shamba la kijiji walilijua kwa kuliona dirishani. Theonest alinyonya pamoja nao, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Mtungi ulipolia mtupu, akaomba jina lake liandikwe.

Gozbert alijifuta mdomo. "Pombe ni pombe, ndugu. Sheria ni sheria."

"Wamekunywa yote," Theonest alimwambia mkewe kwa aibu, aibu ambayo haikuwa yake. "Wamekunywa yote, Melania, wakanikana."

Siku ya kura mvua ilinyesha kama imelipwa. Daraja la magogo likachukuliwa na maji, na Landrova ya wilaya ikabaki ng'ambo ikisubiri sanduku la kura. Kamati ilisimama ukingoni, kila mmoja akiangalia viatu vya mwenzake. Mgongo wa Gozbert ukamshika tena. Ndipo wakamtuma mtu kwa Theonest.

"Usiende," Melania alisema. "Wazame nalo."

"Kura yako imo humo," alimjibu, akaondoka.

Alijitwika sanduku kichwani akaingia mtoni, maji yakampanda mpaka kifuani, Gozbert, aliyetakiwa kulikabidhi, nyuma yake ameng'ang'ania shati lake kwa mikono miwili. Ng'ambo, ofisa kijana wa wilaya alimkimbilia akamshika mkono.

"Shikamoo, mzee! Wananchi kama ninyi ndio wanaotakiwa. Nawe umeshapiga kura yako?"

"Ameshapiga," Gozbert aliwahi kujibu, meno yakigongana kwa baridi.

"Marahaba, mwanangu," Theonest alisema. "Sijapiga. Mimi nilifungwa gerezani, na huyu amekataa kuniandika."

Ofisa aliuachia mkono wake. Aliinama kwenye sanduku, akaanza kukagua lakiri moja baada ya nyingine, aone kama hazijaguswa.